Sifuri Inayopotea Kati ya Excel na Simu

Mnada wa ufuta ukikaribia, katibu wa chama cha msingi huko Songea anatakiwa kuwafikia wanachama wote kwa haraka. Namba zao anazo kwenye Excel. Kilichobaki ni kuziingiza kwenye simu. Wengi huogopa hatua hiyo ya kuingiza, kumbe ni ya dakika chache. Namba huharibika mapema zaidi, ndani ya jedwali lenyewe.

Excel ikiona tarakimu tupu hudhani ni kiasi, kama kilo au shilingi, na kiasi hakianzi na sifuri. Ndiyo maana 0754 hubaki 754. Ukianza na 255, namba hufika tarakimu 12 na Excel huionyesha kwa ufupi: 2.55754E+11. Hapo namba nzima bado imo kwenye seli. Lakini ukihifadhi faili kama CSV, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana, na tarakimu sita za mwisho hupotea. Kama jedwali la awali halipo tena, hakuna programu ya kuzirudisha. Itabidi kupekua daftari la usajili, au kumfuata mwanachama hadi kijijini Muhukuru.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote, chagua safu yote ya simu uipe muundo wa maandishi. Sifuri zikiwa zimeshaondoka, ondoa kwanza nafasi na vistari, kisha kwenye safu mpya andika ="+255"&RIGHT(B2,9), namba zikiwa safu ya B, na uivute hadi chini. Fomula hiyo huchukua tarakimu tisa za mwisho, hivyo aliyeanza na 0, na 255 au bila chochote, wote hukaa sawa. Mwenye laini mbili apewe safu mbili.

Kuna jambo la majina pia. Mkoani Ruvuma akina Ngonyani, Komba na Haule ni wengi mno. Ongeza kijiji baada ya jina, la sivyo utampigia wa Mpitimbi ukimtaka wa Peramiho.

Vichwa vya safu usivibuni. Majina yataingia kwenye simu kupitia Google Contacts, kwa hiyo hamisha jina moja kutoka huko kama CSV, uige vichwa vyake. Huduma hiyo hupokea hadi majina 3,000 kwa mara moja, na kila kundi hupewa lebo yake, hivyo ukikosea unalifuta lote. Faili la CSV ulikague kwa Notepad. Ukilifungua tena kwa Excel, sifuri na alama za kujumlisha huondoka upya.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo lililomfanya azitoe. Mkulima aliyetoa namba apate habari za mnada hakuitoa ili atumiwe matangazo ya mikopo. Namba hizo ziwekwe kwenye akaunti ya chama, si ya katibu. Katibu akibadilika, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo na akaunti iondolewe kwenye simu yake.