Mali ya Matajiri na Fedha za Televisheni Katika Mchezo wa Mpira

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki siku ya Jumamosi haipiti ila imeulizwa khabari ya mpira wa Uingereza. Vijana wetu wayajua majina ya wachezaji wa Manchester na London, na hata bei walizonunuliwa. Walakini ni wachache wanaouliza fedha hizo zatoka wapi, zagawanywa vipi, na ni nani mwenye klabu ile ambayo kijana huipenda hata akanuniana na nduguye kwa ajili yake. Twaona yafaa kulieleza jambo hili, kwani lililotokea huko limekwisha bisha hodi kwetu.

Ligi ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1888 kwa klabu 12. Asili yake ilikuwa hesabu nyepesi: klabu haiwezi kucheza peke yake. Mfanyabiashara wa nguo hufurahi jirani yake akifunga duka; ama klabu ya mpira, jirani akifunga, yenyewe hukosa wa kucheza naye. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi klabu mgeni ilipewa sehemu ya kiingilio kilichokusanywa na mwenyeji. Mkubwa alimsaidia mdogo, wala si kwa huruma tu, bali kwa kuwa alimhitaji. Mishahara nayo ilikuwa na kikomo: hata mwaka 1961, kikomo kilipoondolewa, mchezaji hakuruhusiwa kupata zaidi ya paundi 20 kwa wiki. Sheria hiyo iliwadhulumu wachezaji, na kuondolewa kwake kulikuwa haki. Lakini tangu siku hiyo, mwenye fedha nyingi zaidi aliweza kuwavuta wachezaji bora zaidi.

Mwaka 1983 klabu ziliacha kugawana kiingilio. Kila mwenyeji akabaki na chake. Kisha ikaja televisheni. Mkataba wa mwaka 1988 ulikuwa wa paundi milioni 44 kwa miaka minne. Klabu kubwa ziliona kwamba watazamaji wazitazama wao, basi kwa nini wagawane na klabu za madaraja ya chini? Mwaka 1992 klabu 22 za daraja la kwanza zilijitenga zikaunda Ligi Kuu yao wenyewe, na mkataba wao wa kwanza ukatajwa kuwa na thamani ya paundi milioni 304 kwa miaka mitano. Ule uliotangazwa mwaka 2023, wa kuanzia msimu wa 2025/26, ni wa paundi bilioni 6.7 kwa miaka minne, nao ni wa matangazo ya ndani ya Uingereza peke yake.

Yataka tuwe waadilifu katika kuhukumu. Ndani ya Ligi Kuu yenyewe mgawanyo haukuwa mbaya. Fedha za matangazo ya ndani ziligawanywa hivi: nusu sawa kwa sawa, robo kwa kadiri ya nafasi ya klabu katika msimamo, na robo kwa idadi ya michezo yake iliyoonyeshwa. Huko Hispania, mpaka serikali ilipotoa amri mwaka 2015, kila klabu iliuza matangazo yake peke yake, na Real Madrid na Barcelona zikapata mara kadhaa ya walichopata wadogo wao. Basi fedha ya televisheni si ovu kwa dhati yake. Hukumu yake imo katika mgawanyo.

Taabu ya Uingereza ilikuwa mlangoni. Aliye ndani hushiba, na aliye nje huona harufu ya chakula. Klabu ikishuka kutoka Ligi Kuu hupewa fedha za kuipunguzia anguko, na huweza kuzipata hata miaka mitatu. Kwa hiyo hushuka na mkoba mzito kuliko wale inaowakuta. Nao, kwa kutaka kushindana naye, hulipa mishahara iliyozidi mapato yao. Hapo ndipo atakiwapo tajiri.

Mwaka 1995 Blackburn Rovers walitwaa ubingwa kwa mali ya Jack Walker, mzaliwa wa mji ule aliyetajirika kwa biashara ya chuma. Mwaka 2003 Chelsea ilinunuliwa na Roman Abramovich wa Urusi, nayo ikawa bingwa mwaka 2005 na 2006. Mwaka 2008 Manchester City ikachukuliwa na Sheikh Mansour wa Abu Dhabi. Ilishinda mwaka 2012, kisha ikatwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2021 hata 2024, jambo ambalo hakuna klabu ya Uingereza iliyopata kulifanya kabla yake. Mwaka 2021 mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia ulinunua asilimia 80 ya Newcastle United. Viwanja vilijengwa, na watu wa miji hiyo wakafurahi. Nani atawalaumu?

Lakini tuangalie upande wa pili. Manchester United ilinunuliwa mwaka 2005 na jamaa ya Glazer wa Marekani kwa fedha nyingi za kukopa, na deni lile likatwikwa klabu yenyewe. Chelsea nayo, mwaka 2022, mali za mwenyewe zilipozuiliwa na serikali kwa sababu ya vita vya Ukraine, ilibidi iendeshwe kwa kibali maalumu mpaka ilipouzwa. Klabu iliyoanzishwa mwaka 1905 ilikuwa imetundikwa kwenye msumari mmoja.

Hao ni wakubwa, na wakubwa hupata mnunuzi. Tazama sasa Bury, mji mdogo karibu na Manchester. Klabu yake ilianzishwa mwaka 1885, ikatwaa Kombe la FA mwaka 1900 na 1903. Mwishoni mwa mwaka 2018 iliuzwa kwa paundi moja, pamoja na madeni yake. Katika msimu huo huo wachezaji walipanda daraja hali mishahara yao haijalipwa. Mwezi wa Agosti 2019 mashabiki walikwenda uwanjani Gigg Lane na mifagio na ndoo, wakasafisha viti kwa kutumai kwamba mchezo utachezwa. Mchezo haukuwapo. Tarehe 27 Agosti klabu ilifukuzwa katika ligi. Uwanja ule ukawa kimya mpaka mwaka 2023, walipoanza tena kucheza katika madaraja ya chini kabisa.

Mwaka 2021 wakubwa wenyewe walitaka kufunga mlango kabisa. Tarehe 18 Aprili klabu 12, sita zikiwa za Uingereza, zilitangaza ligi ya Ulaya ambayo waanzilishi wake wasingeshuka daraja milele. Mashabiki walisimama mabarabarani, na kwa muda wa siku mbili klabu zote sita za Uingereza zikarudi nyuma. Mwaka 2025 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuweka msimamizi wa mpira asiyetegemea klabu, ili awachunguze wanaotaka kuzimiliki.

Wajerumani wana kanuni tangu mwaka 1998 kwamba wanachama wabaki na zaidi ya nusu ya kura, ila klabu chache zilizoruhusiwa. Kanuni hiyo yalinda klabu isiuzwe kama gunia la mchele. Hata hivyo Bayern Munich ilitwaa ubingwa mara 11 mfululizo, 2013 hata 2023. Twajifunza kwamba kulinda umiliki ni jambo moja, na kugawa mapato ni jambo jingine. Ligi yahitaji yote mawili.

Sasa turejee kwetu. Wanachama wa Simba ya Dar es Salaam walikubali kumpa mwekezaji asilimia 49, wao wabaki na 51. Mwaka 2021 ligi ya Tanzania ilipata mkataba wa televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Kenya ilionja ubaya wa kutegemea mkono mmoja: SuperSport ilipojiondoa mwaka 2017, klabu zikabaki na mishahara isiyo na pa kutoka.

Hatusemi tajiri afukuzwe, wala televisheni izimwe. Twasema kijana aipendaye klabu yake aulize maswali matatu: Ni nani mwenye kura ya mwisho? Deni liko juu ya jina la nani? Na timu ya mkiani yapata nini katika fedha za ligi? Klabu ni amana, imepokewa kwa waliotangulia na itadaiwa na wajao. Wazee wa Bury walirithishwa vikombe viwili, nao walikuja kushika mifagio wakati wa kuuliza ulikuwa umekwisha pita. Sisi ungali wakati wetu.