Mistari kwenye kioo cha simu: tatizo liko kwenye gundi

Simu ikianza kuchora mistari ya rangi kwenye kioo, jaribu jambo hili: bonyeza ukingo wa chini kwa kidole gumba. Mistari ikipotea kisha ikarudi ukiachilia, basi tatizo huenda liko pale waya bapa unaposhikana na kioo.

Pale hapakulehemiwa. Njia za umeme juu ya kioo ni nyembamba mno, zimesongamana, na moto wa kulehemu ungeziharibu. Kiwandani huwekwa utepe wa gundi wenye chembe ndogo sana, nyingi zikiwa vidonge vya plastiki vilivyopakwa nikeli na dhahabu. Mashine hukandamiza kwa joto sekunde chache, gundi inaganda, na chembe hubaki zimebanwa katikati. Umeme hupita palipobanwa tu, kwenye vidoa visivyoonekana kwa macho. Ugumu wa umeme kupita hapo huitwa ukinzani wa mguso. Kidoa kikilegea, ukinzani hupanda na mstari unajitokeza.

Zipo pia gundi zilizojazwa unga wa madini ya fedha, zinazoshika vipuri vingine. Zilipata nguvu baada ya Umoja wa Ulaya kuzuia risasi katika vifaa vingi vya umeme kuanzia Julai 2006. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa ubaya wa risasi. Owino Uhuru iko hapa hapa Mombasa, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya kiwanda cha betri.

Lakini gundi ina adui wake, nao ni unyevu. Kwa muda mrefu lawama ilikuwa kwamba madini yanashika kutu yenyewe kwa hewa tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Daoqiang Lu na C. P. Wong wa Georgia Tech, Marekani, walionyesha kwamba fedha ikigusana na bati penye maji, hugeuka kama betri ndogo: bati huliwa, na kutu yake haipitishi umeme vizuri. Ndiyo maana gundi hujaribiwa kwenye nyuzi joto 85 na unyevu wa asilimia 85. Kipimo kimoja cha Marekani kinataka ukinzani usipande zaidi ya asilimia 20 baada ya saa 500.

Sasa mfikirie ndugu yako aliyehamia Keringet, kule Kuresoi, Nakuru, kwenye chai na viazi. Baridi ya asubuhi, ukungu, kisha anaingia jikoni kwenye moto na simu mfukoni. Mvuke hutanda kwenye simu kama kwenye miwani. Sisi huku tuna joto mchana kutwa, na chumvi juu yake, ambayo huyafanya maji yapitishe umeme na kutu iende mbio. Kwa maoni yangu simu ya pwani ndiyo inayoteseka zaidi.

Ukifika kwa fundi, muulize kama anabadilisha kioo kizima pamoja na waya wake uliokwisha kubandikwa kiwandani. Akisema atapuliza hewa ya moto na kubonyeza kwa kidole, mistari inaweza kutoweka siku hiyo. Gundi iliyolainishwa bila mashine ya kukandamiza haizibani chembe sawasawa, na mvua za masika zikianza utarudi kwake na pesa nyingine.