Kinywa Kikavu Baada ya Mionzi

Mgonjwa wa saratani ya koo au mdomo hupigwa mionzi, mara nyingi siku 5 kwa juma kwa majuma 6 au 7. Vidonda vikianza kumtoka mdomoni, tusimshauri aache matibabu. Vidonda hupona; saratani iliyoachwa katikati huendelea kukua. Amweleze daktari, apewe dawa ya maumivu.

Linalodumu zaidi ni ukavu. Mionzi huumiza tezi za mate, na bila mate meno huoza upesi. Mbinu mpya hukwepa tezi hizo: katika utafiti wa Uingereza wa mwaka 2011, baada ya miezi 12 ukavu wa kusumbua ulikuwa kwa asilimia 38 ya wagonjwa, badala ya 74 kwa njia ya zamani.

Basi tumpeleke kwa daktari wa meno kabla ya mionzi, meno mabovu yang'olewe na kidonda kipone. Baadaye, hata miaka ikipita, asing'olewe jino kabla ya kusema kwamba taya lake lilipigwa mionzi, maana mfupa huo waweza kukataa kupona. Nyumbani, tumwekee maji karibu na tumpikie chakula laini chenye mchuzi.