Gazi kwa Majani ya Ndani ya Maji



Tangu sanduku ya vioo ya samaki iliwekwa katika labo, wengi munatuuliza: mbona majani yake hayakui, na taa iko, na muchanga ni muzuri? Sisi wa mwaka wa sita tunajibu: majani iko na njaa. Karibu 40 kwa 100 ya uzito wa jani kavu ni kaboni, na kaboni hiyo jani linaitoa katika gazi karboniki (CO2). Muti wa inje unaipata katika upepo bila shida. Ndani ya maji gazi hii inatembea polepole, mara 10,000 kuliko katika hewa, na maji yaliyosimama yanashika karibu miligrama 0.6 tu kwa litri. Pale Wagenia mto unakimbia usiku na muchana, tena mito yetu inabeba gazi nyingi ya majani yenye kuoza porini. Kuko kangaga ya maji yenye kuitwa Bolbitis heudelotii: katika maji ya mbio inashika mawe na kunawiri, lakini ukiileta katika sanduku, inalala. (Mwenye kupenda Anubias tu asijisumbue, hiyo inaridhika na kidogo.)

Basi gazi tunaileta katika chupa ya chuma. Ndani yake imekandamizwa hata imegeuka maji. Kwa joto la digri 20 presio ni karibu bari 57. Kwa digri 30 ni karibu 72. Kupita digri 31 hakuna tena gazi ya maji, yote inakuwa kitu kimoja, na presio inapanda mbio. Hapa Kisangani digri 31 si hadithi, ni saa nane ya muchana. Kwa hiyo chupa isiachwe juani, na mwenye kuijaza asipitishe kilo zenye kuandikwa kwa chupa. Isimame wima, ifungwe na munyororo kwa meza. Ikilala, gazi ya maji itaingia katika detanderi na kuiharibu.

Detanderi njo kichwa cha kazi yote. Inashusha zile bari 57 hata 1 ao 2. Iko na saa mbili: moja ya presio ya chupa, ingine ya presio ya kutoka. Wengi wanadanganyika na ile ya kwanza. Maadamu gazi ya maji imebaki ndani, ile saa haishuki, chupa ikiwa imejaa ao imebaki robo. Ukitaka kujua kiasi, weka chupa kwenye mizani. Siku saa inaanza kushuka, gazi iko karibu kwisha.

Kisha detanderi inafuata vana ya sindano, ya kupunguza mapovu, kisha mupira, kisha klape ya kuzuia maji yasirudi, kisha kichupa cha maji pa kuhesabia mapovu, na chini ndani ya sanduku, kijiwe chenye matundu kinachovunja povu kuwa kama vumbi. Pakaa maji ya sabuni kwenye kila kiungo uone kama inapumua. Kwa sanduku ya litri 100 anza na povu moja kila sekonde mbili, ungoje masaa, ndipo uongeze. Mwenye haraka atakula samaki wake.

Tunatafuta miligrama 15 hata 30 kwa litri. Vitabu vinatoa jedwali la pH, lakini kwa maji ya porini yenye rangi ya chai linadanganya, juu ya maji hayo iko na asidi ya majani hata bila gazi yetu. Heri kichupa cha kuning'iniza ndani ya sanduku, mudomo chini, kimeshika hewa. Tia humo maji yaliyotoneshwa yenye bikarbonati ya soda miligrama 120 kwa litri, na matone ya bluu ya bromotimoli. Mizani yetu haipimi kidogo namna hiyo, basi yeyusha grama 1.2 katika litri moja, chukua mililitri 100 za ile, uzijaze hata litri. Gazi inapita katika hewa ya kichupa, asidi ya majani haipiti. Rangi ya bluu: haitoshi. Kijani: karibu 30. Manjano: imezidi. Rangi inachelewa hata masaa mawili.

Usiku majani hayali gazi, yanaitoa. Funga saa moja mbele ya kuzima taa. Elektrovana inajifunga yenyewe umeme ukikatika, na kwetu umeme unakatika. Sisi tunaihesabu kuwa ya lazima. Samaki wakipanda juu kuhema, funga gazi, piga hewa, badilisha nusu ya maji.

Mwenye kukosa chupa anatumia sukari na chachu. Lakini grama 100 za sukari hazipitishi grama 51 za gazi: chupa ya kilo 2 ni sawa na sukari karibu kilo 4, na chachu huwezi kuifunga usiku.

Sasa neno kwa wale wa internati wanaotaka chupa ya akiba ilale katika depo karibu na vitanda. Hapana. Kilo 2 zikitoka zote zinakuwa karibu litri 1,100. Depo ya metri 3 kwa 3, urefu 2.5, inashika litri 22,500. Hiyo ni karibu 5 kwa 100: kichwa kinauma, mutu anahema. Chupa ya kilo 4 inafika 10 kwa 100, na hapo mutu anazimia kwa dakika chache. Tena gazi hii inapita hewa uzito mara moja na nusu, inashuka pale magodoro iko. Ndugu zetu wa Goma na Sake wanaiita mazuku: inatoka katika udongo, inajaa mashimoni, na mutu ao mbuzi akishuka humo anaanguka bila kuona kitu. Tarehe 21 Agosti 1986, huko Kameruni, ziwa Nyos lilitapika gazi hii usiku, wakafa watu karibu 1,700.

Chupa ya akiba itakaa barazani kwa labo, kivulini, upepo unapita. Siku ya posho jioni vana kubwa inafungwa hata siku ya kwanza asubuhi. Na chupa nyekundu za kuzima moto za koridori si za samaki, mutu asiziguse.