Mapenzi yanaponya kiasi gani? Somo la afya ya akili kutoka riwaya ya "All the Bright Places"

Tahadhari: Makala hii inazungumzia kujiua na inataja mwisho wa riwaya. Kama wakati huu una mawazo ya kujidhuru, usisome kwa mpangilio. Nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho yenye kichwa "Pa kupata msaada".

Riwaya za mapenzi za vijana mara nyingi huwa na wahusika walioumia: mmoja amefiwa, mwingine anapigwa nyumbani, kisha wanapendana. Msomaji hufunga kitabu akiamini kwamba ukipata mtu wa kukupenda kweli, maumivu yataisha. Riwaya ya Jennifer Niven, "All the Bright Places", iliyotoka Marekani mwaka 2015 na kutengenezwa filamu ya Netflix mwaka 2020, inaanza hivyo hivyo lakini haiishii hapo. Ndiyo maana inafaa kutumika kuelezea kiwewe, sonona na mipaka ya mapenzi.

Hadithi kwa ufupi

Violet Markey na Theodore Finch ni wanafunzi wa sekondari katika mji mdogo wa jimbo la Indiana. Violet amempoteza dada yake, Eleanor, katika ajali ya gari ambayo yeye mwenyewe alinusurika. Finch anatoka kwenye familia iliyovunjika, yenye baba mkali anayempiga. Wanakutana juu ya mnara wa shule, kila mmoja akiwa amefikiria kufa. Finch anamtuliza Violet mpaka anashuka salama. Shule nzima inaamini kinyume chake, kwamba Violet ndiye aliyemwokoa Finch, na Finch anaiacha imani hiyo iendelee.

Baadaye wanapewa kazi ya shule ya kutembelea maeneo ya kuvutia ya jimbo lao, na katika safari hizo wanapendana. Violet anaanza kurudi kwenye maisha. Finch anazidi kuzama, na mwishoni anafariki kwa kujiua.

Kiwewe kilimfanya nini Violet?

Kiwewe ni jeraha la akili linalobaki baada ya tukio la kutisha, kama ajali, kipigo, ubakaji, vita au kifo cha ghafla. Mwili unaendelea kujilinda hata baada ya hatari kupita. Kwa Violet dalili zinaonekana wazi:

- Anakwepa kinachomkumbusha tukio. Hapandi gari kabisa. Anatembea au anaendesha baiskeli.
- Anajilaumu kwa kubaki hai. Watu wengi walionusurika ajali au vita huishi na hatia hii, ingawa hawakutenda kosa.
- Ameacha alichokipenda. Alikuwa akiandika pamoja na dada yake. Sasa hawezi kuandika.
- Anaishi kwa kuhesabu siku tu, akisubiri shule iishe.

Baada ya tukio baya, ni kawaida kukosa usingizi, kushtuka ovyo au kulia. Kwa wengi hali hiyo hupungua yenyewe ndani ya wiki chache wakiwa na watu wanaowajali. Ikizidi mwezi mmoja, au ikikuzuia kusoma, kula na kulala, ni wakati wa kumwona mtaalamu.

Violet anaporudi kupanda gari, anafanya hivyo akiwa na mtu anayemwamini. Wataalamu nao hutumia njia inayofanana na hiyo: humsaidia mtu kukikaribia kile anachokiogopa kidogo kidogo, kwa mpango na kwa kasi anayoiweza. Usiichukue hadithi kama ruhusa ya kumlazimisha rafiki yako. Kumsukuma mtu kabla hajawa tayari kunaweza kumrudisha nyuma.

Finch alikuwa na nini?

Huyu ndiye mhusika ambaye wengi hawamwelewi mapema. Ni mcheshi, ana mawazo mengi, haishiwi maneno. Kuna vipindi anakaa siku nyingi karibu bila kulala, akiwa na nguvu kupita kiasi. Kisha vinakuja vipindi ambavyo hawezi kufanya lolote na anatoweka machoni pa watu. Kupanda na kushuka huku kwa hisia ni sura ya ugonjwa ambao madaktari huuita bipola. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima.

Bipola si tabia mbaya, uvivu wala laana ya ukoo. Ni ugonjwa wenye tiba. Kuna dawa za kutuliza mabadiliko ya hisia, litiamu ikiwa mojawapo, na kuna tiba ya mazungumzo. Wengi wanaotibiwa na kufuatiliwa husoma, hufanya kazi na huanzisha familia.

Finch hatibiwi. Mshauri nasaha wa shule anaushuku ugonjwa huo na kuutaja, lakini Finch anaukataa, akiogopa kuitwa kwa jina la ugonjwa badala ya jina lake. Wanafunzi wenzake tayari wanamwita kituko. Nyumbani wamezoea kutoweka kwake, hivyo anapotoweka hawashtuki. Mshauri anajua kidogo, ndugu zake wanajua kidogo, Violet anajua kidogo, lakini hakuna anayeviunganisha vipande hivyo kwa wakati.

Mapenzi yanaweza nini?

Yanaweza mengi. Kijana aliyeumia akipata mtu anayemsikiliza bila kumhukumu, upweke hupungua. Hupata sababu ya kutoka nje, kula, kucheka na kupanga kesho. Hayo yote yalimtokea Violet, na yana thamani.

Lakini mapenzi hayatibu bipola, kama yasivyotibu kisukari. Kijana wa miaka 17 hawezi kuwa mpenzi, daktari na mlinzi wa usiku kwa wakati mmoja. Tazama pia tofauti kati ya wawili hawa: Violet ana wazazi walio karibu naye, hata kama nao wana huzuni. Finch ana Violet, na nyuma yake karibu hakuna mtu mzima anayesimama imara. Wote wawili walipendwa. Mmoja wao tu ndiye aliyekuwa na nyumba ya kumshika.

Kwa hiyo, ukimpenda mtu anayeumwa akilini, jambo kubwa unaloweza kumfanyia ni kumsaidia afike kwa mtu anayeweza kumtibu.

Rafiki akikuambia anataka kufa

1. Msikilize. Usimwambie "acha ujinga" wala "wenzako wana shida kubwa zaidi".
2. Muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hili halimpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi linamtua mzigo.
3. Usikubali kuapa kwamba hutasema. Mwambie: "Nakupenda, kwa hiyo jambo hili siwezi kulibeba peke yangu."
4. Mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo: mama, baba, shangazi, mjomba, bibi, mwalimu au muuguzi. Wa kwanza akipuuza, nenda kwa wa pili.
5. Hatari ikiwa ya karibu, usimwache peke yake. Vitu vinavyoweza kumdhuru viondolewe, na apelekwe hospitali.

Anaweza kukukasirikia kwa kutoa siri. Hasira hupoa, naye atakuwa hai.

Dalili za kuangalia: kuzungumzia kifo mara kwa mara, kugawa vitu anavyovipenda, kuaga kwa namna isiyo ya kawaida, kujitenga, kuanza pombe au dawa za kulevya, au kutulia ghafla baada ya kipindi kirefu cha huzuni.

Kwa wazazi, walezi na walimu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Msiangalie tu mtoto anayelia. Mwangalieni pia yule anayechekesha darasa zima kisha haonekani wiki nzima. Akirudi, kabla ya kumwadhibu kwa utoro, mwulizeni alikuwa wapi na analalaje.

Mkimkuta kijana anasoma kitabu cha aina hii, msimnyang'anye. Kisomeni nanyi, kisha mwulizeni: "Unadhani nani angeweza kumsaidia Finch?" Jibu lake linaweza kuwaambia mengi kumhusu yeye mwenyewe.

Kwa aliyebaki

Baada ya kifo cha Finch, Violet anabaki na swali ambalo kila aliyefiwa hivi hujiuliza: ningefanya nini zaidi? Polepole anaona kwamba kifo kile hakikuwa kosa lake. Kama nawe umempoteza mtu kwa njia hii, hukumuua kwa kutojua. Huzuni yako inastahili msaada pia, na kuzungumza na mshauri nasaha si kumsaliti aliyeondoka.

Pa kupata msaada

- Tanzania, Kenya na Uganda: piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Rafiki, mzazi au mwalimu pia anaweza kupiga kwa niaba ya mtoto.
- Umri wowote: nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe na useme wazi kwamba ni suala la afya ya akili. Hospitali maalumu ni pamoja na Mirembe mjini Dodoma, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala.
- Ukiwa Marekani: piga au tuma ujumbe 988, saa yoyote.

Huhitaji kuwa na maneno mazuri. "Siko sawa, naomba msaada" yanatosha kuanza.