Kwa nini baharia ana kinga kuliko yaya wa Ghuba

KUTOKA Mtongwe, eneo la Likoni mjini Mombasa, meli zinazoingia na kutoka bandari ya Kilindini huonekana waziwazi ng’ambo ya maji. Vijana wa Pwani hutafuta kazi katika meli kama hizo. Dada zao nao husafiri hadi Saudi Arabia na mataifa mengine ya Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Wote huuza jasho lao mbali na kwao, lakini kinga wanayopewa na viwango vya kimataifa vya kazi hailingani.

Viwango hivyo hutungwa na Shirika la Kazi Duniani (ILO), ambako wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi hupiga kura pamoja. Mkataba ukishapitishwa, haulifungi taifa lolote hadi liuidhinishe. Humu nchini, Kifungu cha 2(6) cha Katiba ya 2010 hufanya mkataba ulioidhinishwa kuwa sehemu ya sheria za Kenya.

Baharia hulindwa na Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka wa 2014. Mkataba huo unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Gharama anazoweza kubebeshwa ni za cheti cha afya, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Unaagiza pia mshahara ulipwe angalau kila mwezi. Tangu 2017, mwenye meli sharti awe na dhamana ya fedha ya kuwarejesha makwao mabaharia waliotelekezwa na kuwalipa malimbikizo ya mishahara ya hadi miezi minne.

Nguvu ya mkataba huu imo katika utekelezaji. Meli ikitia nanga katika nchi iliyouidhinisha, wakaguzi wa bandari wanaweza kuipanda, kupokea malalamiko ya baharia kwa siri na kuizuia isiondoke hadi kasoro kubwa zirekebishwe. Meli yenye bendera ya taifa ambalo halijauidhinisha haipewi nafuu yoyote. Mwenye meli hupata hasara kila siku chombo chake kinapozuiliwa, na hilo humfanya asikilize.

Yaya hana bandari ya kukimbilia. Kenya iliidhinisha Mkataba nambari 97 kuhusu wafanyakazi wahamiaji mwaka wa 1965, na nambari 143 mwaka wa 1979. Saudi Arabia haijaidhinisha hata mmoja kati ya hiyo, wala ule wa nambari 189 wa 2011, unaompa mfanyakazi wa nyumbani haki ya kukaa na pasipoti yake na kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki. Aidha, mahali pake pa kazi ni nyumba ya mtu, ambayo mkaguzi haingii kwa wepesi. Mageuzi ya mfumo wa kafala yaliyoanza nchini humo Machi 2021 nayo yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani.

Kwa hivyo, ulinzi wake mkubwa sharti uwekwe kabla hajapanda ndege. Mkataba nambari 97 unaitaka Kenya ichukue hatua dhidi ya matangazo ya uongo kuhusu kazi za ng’ambo. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataka mkataba wa kazi ya nje uandikwe, utiwe saini na kuthibitishwa na afisa wa leba, baada ya kuridhika kwamba mfanyakazi ameyaelewa masharti na hakulaghaiwa. Anayemshawishi mtu kusafiri bila mkataba huo anaweza kutozwa faini ya hadi Sh200,000, kufungwa miezi sita, au yote mawili.

Muhimu zaidi, mwajiri asiyeishi Kenya anatakiwa kuweka dhamana, akiwa na mdhamini mkazi wa humu nchini. Dhamana hiyo ndiyo inayokaribia kumfanyia yaya kile ambacho kuzuiliwa kwa meli humfanyia baharia: kuna mtu anayeweza kufikiwa na mkono wa sheria mshahara usipolipwa.

Familia inayompeleka binti uwanja wa ndege haina budi kuuliza mambo matatu mapema: iwapo wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iwapo afisa wa leba ameuthibitisha mkataba, na mdhamini ni nani. Nakala ya mkataba huo nayo ibaki nyumbani.