Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mtoto anaharisha kwa siku tatu. Mama anambeba mpaka zahanati, anapewa pakiti za ORS na vidonge vya zinki, anaelezwa namna ya kuvitumia, na baada ya siku chache mtoto anacheza. Mwezi haujaisha, mama na mtoto wako tena kwenye benchi lile lile. Mganga anaandika dawa zile zile. Hakuna aliyekosea. Dawa ni sahihi, mama amefuata maelekezo, na mganga ametimiza wajibu wake. Hata hivyo mtoto ataharisha tena, kwa sababu chanzo cha ugonjwa hakiko zahanati. Kiko kisimani, chooni, na katika mtungi wa maji usio na kifuniko.

Je, mganga huyu amewahi kukiona kisima hicho? Na alipokuwa masomoni, kuna aliyemfundisha kwenda kukitazama? Ndugu msomaji, hilo ndilo tunalotaka kulizungumzia mwezi huu. Katika ukurasa huu tumezoea kueleza magonjwa na tiba zake. Safari hii tunaangalia namna wanavyofundishwa wale wanaotutibu, maana mafunzo yao yanatugusa sisi wagonjwa moja kwa moja. Mfano wetu ni wa jirani: Chuo Kikuu cha Moi, huko Eldoret, magharibi mwa Kenya.

UDAKTARI WA WODINI

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa udaktari katika Afrika alifundishwa kama mwenzake wa Ulaya. Miaka ya kwanza alikaa darasani akikariri majina ya mifupa, mishipa na vijidudu vya maradhi. Miaka iliyofuata alipelekwa wodini, katika hospitali kubwa ya mjini. Huko alijifunza mengi ya maana, na hatusemi kwamba wodi haina faida. Lakini wodini anaonekana mgonjwa aliyefika tu. Aliyekosa nauli haonekani. Mama aliyejifungulia nyumbani akatoka damu mpaka akafa haonekani. Mtoto aliyedhoofika polepole kwa utapiamlo anaonekana siku ya mwisho, hali ikiwa imekwisha kuwa mbaya. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwaka 1978 wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, mji ambao leo unaitwa Almaty, nchini Kazakhstan. Walikubaliana kwamba afya ijengwe kuanzia pale watu wanapoishi: maji safi, chakula, chanjo, usafi wa mazingira, huduma kwa mama na mtoto, na elimu ya afya. Lakini ni nani angeifanya kazi hiyo, ikiwa daktari mwenyewe hakufundishwa kufanya kazi kijijini? Mwaka 1979 vyuo kadhaa vilikutana Kingston, nchini Jamaika, vikaanzisha umoja wa vyuo vya afya vinavyofundisha kwa kuitazama jamii. Kimoja cha mifano yao kilikuwa Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada. Tangu mwaka 1969 wanafunzi wake wa udaktari hawakuanza na mhadhara, bali na tatizo la mgonjwa. Waliketi vikundi vidogo vidogo, wakajiuliza wanajua nini na hawajui nini, kisha wakaenda kutafuta majibu.

ELDORET WALIVYOANZA

Kwa muda mrefu Kenya ilikuwa na shule moja tu ya madaktari, ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na mwaka 1990 kitivo chake cha afya kilipokea wanafunzi wa kwanza, chini ya mkuu wake wa kwanza, Profesa Haroun Mengech. Hospitali ya kufundishia ilikuwa ile ya Eldoret, iliyoanza mwaka 1917 ikiwa na vitanda 60. Siku hizi ni hospitali kubwa ya rufaa na mafunzo inayohudumia eneo lote la magharibi mwa Kenya. Vyuo vya nje vilivyosaidia ni pamoja na Linköping cha Uswidi, Maastricht cha Uholanzi na Indiana cha Marekani.

Waanzilishi wa kitivo hicho hawakutaka kijiji kiwe mahali pa matembezi ya siku moja. Walikiweka ndani ya masomo yenyewe, tangu mwaka wa kwanza, kwa mpango unaojulikana kwa kifupi kama COBES, yaani elimu na huduma katika jamii. Kila mwaka wanafunzi hutoka chuoni kwa wiki kadhaa, wakaenda kukaa karibu na vituo vya afya vya vijijini. Kazi yao hupanda ngazi kwa ngazi.

Kwanza, huifahamu jamii. Mwanafunzi mgeni, ambaye bado hajui hata kupima shinikizo la damu, hutembelea nyumba, shule, soko na kituo cha afya. Hujifunza nani ni nani, watu wanakula nini, wanachota maji wapi, na wakiugua wanaanzia kwa nani.

Pili, huipima jamii kama daktari anavyompima mgonjwa. Wanafunzi huenda nyumba kwa nyumba na karatasi ya maswali. Huhesabu vyoo, huangalia kadi za chanjo, hupima watoto uzito na mzunguko wa mkono. Mwishowe hueleza kijiji hiki kinaumwa nini, na kwa nini.

Tatu, huchagua tatizo moja kati ya hayo na kuandika mpango wa kulichunguza.

Nne, hurudi na kufanya uchunguzi huo, wakakusanya majibu na kuyaandika.

Tano, wakiwa karibu kumaliza masomo, hukaa na wasimamizi wa afya wa eneo. Hapo huona upande wa pili: dawa zinaagizwaje, pikipiki ya chanjo inapata wapi mafuta, na bajeti ndogo inagawanywaje.

Tazameni tofauti yake. Mwanafunzi aliyesoma kitabuni kwamba choo kiwe mbali na kisima anajua jibu la mtihani. Mwanafunzi aliyepima kwa hatua zake mwenyewe, akakuta choo kiko juu ya mteremko na kisima kiko chini, kisha akaambiwa na mwenye nyumba kwamba shamba lote ni nusu ekari na hakuna mahali pengine pa kuchimba, huyo amejifunza udaktari wa aina nyingine. Siku atakapomwandikia mtoto dawa ya kuharisha, atauliza swali moja zaidi.

MAFUNZO YALIPOJARIBIWA NA UKIMWI

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wodi za Eldoret zilijaa wagonjwa wa UKIMWI, na dawa za kupunguza makali zilikuwa hazipatikani kwa watu wa kawaida. Mwaka 2001 chuo, hospitali na wenzao wa Indiana walianzisha mpango wa matibabu unaoitwa AMPATH. Mmoja wa waliouongoza alikuwa Dkt. Joe Mamlin wa Indiana. Mapema kabisa walifungua kliniki nje ya mji, katika kituo cha afya cha Mosoriot, upande wa Nandi.

Mwaka huo huo Mosoriot ilipata mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Lilikuwa jambo geni kabisa kwa kituo cha kijijini katika Afrika. Ujuzi uliopatikana hapo ulisaidia kuzaa mfumo uitwao OpenMRS, ambao leo unatumika katika nchi nyingi. Mara nyingi tumeona ujuzi ukitoka mijini kwenda vijijini. Safari hii kijiji nacho kilikuwa na cha kutoa.

Waganga waligundua jambo jingine. Mgonjwa alipewa dawa, lakini nyumbani hakukuwa na chakula. Dawa kali katika tumbo tupu ni mateso, na mwili uliokonda haupati nguvu. Basi wakalima mashamba, na mganga akaandika chakula kwenye karatasi kama anavyoandika dawa. Na kuanzia mwaka 2007 washauri walikwenda nyumba kwa nyumba kuwapima watu virusi vya UKIMWI kwa hiari, badala ya kuwangoja waugue. Ukiyatazama haya, utaona ni somo lile lile la mwaka wa kwanza: usimngoje mgonjwa wodini, nenda kaone anaishije.

JE, MWENYEJI AMEPONA?

Tusisifu tu. Njia hii ina gharama na ina hatari zake. Wanafunzi wanahitaji gari, mahali pa kulala, chakula, na mwalimu wa kuwasimamia. Idadi yao inapoongezeka na fedha zinapopungua, kijiji ndicho hukatwa kwanza: wiki sita zinakuwa mbili, na mbili zinakuwa ziara ya basi.

Hatari kubwa zaidi iko kwa wanakijiji. Kikundi cha kwanza kinapita kikiuliza maswali, watu wanajibu kwa moyo. Mwaka wa pili kinakuja kingine na maswali yale yale. Mwaka wa tatu mama anauliza, "Wanangu, majibu ya wale wa kwanza yako wapi?" Hakuna wa kumjibu. Taarifa imefungwa kabatini chuoni, mwanafunzi amepata alama zake, na kisima kiko vile vile. Hapo kijiji kimekuwa kitabu cha bure, kinasomwa na kufungwa.

Kiswahili kina msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndicho kipimo chetu. Mafunzo ya kijijini yanastahili sifa pale tu ambapo mwenyeji naye anapona. Kipimo hicho kinakihusu chuo chochote kinacholeta wanafunzi kwetu, kiwe cha udaktari, uuguzi, ualimu au kilimo.

WAKIJA KIJIJINI KWENU

Vyuo vya nchi zetu vinaendelea kupeleka wanafunzi vijijini, kwa hiyo huenda siku moja wakabisha hodi kwako. Tunakushauri mambo haya:

1. Wapokee. Saa moja unayompa mwanafunzi leo ni mafunzo ya daktari atakayemtibu mjukuu wako. Mwonyeshe mambo yalivyo. Ukimficha choo kibovu, umemfundisha uongo.

2. Uliza kwanza. Wametoka chuo gani, nani anawasimamia, na majibu yako yatatumiwaje? Mwanafunzi mwema hataudhika kuulizwa.

3. Jua haki yako. Unaweza kukataa swali, kukataa kupimwa, au kukataa kutolewa damu. Kukataa kusikunyime matibabu. Jina lako na habari za ugonjwa wako ni siri.

4. Daini majibu. Kabla hawajaondoka, viongozi wa kijiji waombe kikao ambapo wanafunzi watasimama mbele ya watu na kueleza, kwa lugha inayoeleweka, wamekuta nini. Nakala ya taarifa ibaki ofisi ya kijiji na zahanati.

5. Chagueni jambo moja. Katika kikao hicho msikubali orodha ya matatizo ishirini. Chagueni moja linalowezekana kwa nguvu zenu, mpange nani atafanya nini na lini. Kikundi cha mwaka ujao kianze kwa kukagua kama lilifanyika.

MSINGOJE WANAFUNZI

Kipimo cha kijiji hakihitaji digrii. Vijana waliomaliza shule, wakishirikiana na mhudumu wa afya, wanaweza kuanza na maswali haya manne:

a) Choo na kisima vina umbali gani? Visipungue mita 30, na kisima kisiwe chini ya mteremko wa choo.

b) Maji ya kunywa yanachemshwa au kutiwa dawa, na chombo chake kina kifuniko?

c) Mikono ya watoto wa miezi 6 hadi 59 ina mzunguko gani? Kwa utepe wa kupimia, chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, na mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kati ya 115 na 125 ni utapiamlo wa kadiri. Naye anahitaji kuonwa na mhudumu na kufuatiliwa lishe yake.

d) Mtoto anapoharisha, mama anafanya nini kwanza? Jibu sahihi ni kuendelea kumnyonyesha na kumlisha, kumpa ORS, pakiti moja katika lita moja ya maji safi, na kumpatia zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mganga atakavyoelekeza. Akiwa mlegevu, macho yakididimia, akitoa damu, au akishindwa kunywa, asikae nyumbani.

Andikeni majibu kwenye daftari, nyumba kwa nyumba. Baada ya miezi sita rudieni, mlinganishe. Na kikundi cha wanafunzi kitakapofika, wapeni daftari hilo wasome kabla hawajauliza swali hata moja. Hapo watakuta kijiji kimekwisha kujipima chenyewe, na kazi yao itaanzia pale ninyi mlipofikia.